Kamba na Dawa za Kuulia Wadudu

Kamba tunayemsoma hapa si kamba ya kufungia mbuzi. Ni mnyama wa majini mwenye gamba, papasi ndefu, miguu kumi ya kutembelea na mingine ya kuogelea. Mlinganishe na panzi. Wote wawili hawana uti wa mgongo, wana gamba nje ya mwili na miguu yenye viungo. Kwa hiyo wanasayansi huwaweka katika kundi moja, arithropoda. Undugu huo humponza kamba, maana dawa iliyotengenezwa kumwua panzi huweza kumwua na yeye.

Katika delta ya mto Rufiji, kamba hutaga baharini, lakini watoto wao huingia kwenye maji ya mikoko na kukulia humo. Kando ya mikoko hiyo watu hulima mpunga. Mvua inyeshapo, dawa iliyopuliziwa shambani huweza kuchukuliwa na maji hadi mikokoni.

Dawa humwingia kamba kwa matamvua anayopumulia, na kwa chakula. Je, humdhuru vipi? Seli za fahamu hupelekeana ujumbe kwa kutumia kemikali. Ujumbe ukishafika, kemikali hiyo huvunjwavunjwa, na seli hutulia. Dawa kama malathioni huzuia kuvunjwa huko. Basi seli za fahamu hupokea ujumbe bila kukoma. Kamba hutetemeka, huogelea ovyo, hulala ubavu, na huweza kufa.

Ziko dawa zinazodhuru kwa njia nyingine. Kamba hawezi kukua bila kujivua gamba na kutengeneza jipya. Diflubenzuroni huzuia kutengenezwa kwa khitini, ambayo ni sehemu kubwa ya gamba. Kamba huyo hubaki laini, na samaki humla kwa urahisi.

DDT hukaa kwenye matope kwa miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiruhusu kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu, kama mbu wa malaria.

Tusiharakishe kumlaumu mkulima. Mpunga ukiliwa na wadudu, watoto wake watalala njaa. Na pengine ndugu yake ndiye mvuvi wa kamba. Anaweza kupulizia siku isiyo na dalili ya mvua, kuacha ukanda wa nyasi kando ya mto, na kutoosha bomba la dawa mtoni.