Robo Nne Si Mtu Mmoja

Fungua bajeti ya mradi unaofadhiliwa kutoka nje, uwe wa maji au wa chanjo, na mara nyingi utakuta watu wamekatwa vipande: mratibu asilimia 50, afisa ufuatiliaji na tathmini 30, dereva 25, mhasibu 20. Jumla yake ni mtu mmoja na robo. Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro, na mfadhili huipenda kwa sababu analipia ule muda unaomhusu tu. Kazini mambo huwa mengine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Tuseme kila aliye kwenye mradi, wa wiki nzima au wa siku moja, anatumia saa 5 kwa kikao, barua pepe, kujaza fomu za muda na kuulizia jambo limefikia wapi. Wa wiki nzima anabaki na saa 40 za kazi yenyewe. Wawili wa nusu wanabaki na 35 kwa pamoja. Wanne wa robo wana saa 11 na robo kila mmoja. Toa zile 5, zidisha kwa nne, unapata 25. Fungu la mishahara halijabadilika hata senti.

Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu ya OS/360 huko IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unazidi kuuchelewesha. Sababu mojawapo ni mawasiliano: watu watano wana jozi 10 za kuelewana, kumi wana jozi 45. Ukibadilisha watano wa wiki nzima kwa kumi wa nusu wiki, umenunua saa zilezile pamoja na jozi 35 za ziada.

Lakini hasara kubwa kuliko saa, kwa maoni yangu, ni kusubiri, na hiyo haionekani kwenye bajeti. Afisa manunuzi anakuja Jumatatu na Jumanne, mhasibu Alhamisi na Ijumaa. Fundi anaomba mabomba Jumatano. Ombi linasomwa Jumatatu, linapelekwa kwa mhasibu Jumanne. Alhamisi mhasibu anakuta ankara moja ya bei imekosekana, anaandika swali. Linajibiwa Jumatatu inayofuata, naye analiona jibu Alhamisi. Siku 15 zimepita kwa kazi ambayo watu wawili wanaokaa meza jirani wangeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Wakati huo mafundi wako kijijini wanakula posho.

Hata mtu mmoja mwenye vipande vya miradi mitatu vinavyojaza wiki yake hapati wiki kamili. Gerald Weinberg, mshauri wa miradi ya kompyuta, alikadiria kuwa anayeshika miradi miwili hupoteza takriban asilimia 20 ya muda wake katika kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine, na mwenye mitatu asilimia 40. Ni kadirio la mzoefu, si kipimo cha maabara, ila wengi waliowahi kuandaa ripoti za wafadhili watatu mwisho wa robo mwaka hawatabishana naye.

Je, basi tusigawe? Mhasibu lazima agawanywe. Mradi mdogo hauna kazi ya kumjaza wiki, na kanuni za fedha zinataka anayeomba malipo asiwe anayeyaidhinisha. Mwanasheria, mfasiri na mchora ramani nao hupokea kazi nzima na kuirudisha nzima. Wanaoumia ni wale wanaopokezana kijiti kila siku. Hao wape matokeo kamili badala ya hatua: mmoja ashike vijiji vitatu tangu dodoso la kwanza hadi ripoti, mwingine vitatu vingine, kuliko mmoja kukusanya takwimu na mwenzake kuziingiza kwenye kompyuta. Weka pia nusu siku ambayo wote wapo, na kikao kiangukie hapo.

Mratibu ningemwacha mzima. Bajeti ikikataa, ningepunguza vijiji kabla ya kumpunguza yeye, na ningemwambia mfadhili hivyo kabla mkataba haujasainiwa, maana baada ya hapo kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine mara nyingi huhitaji kibali chake cha maandishi.