Baridi haiui viini: Hatari iliyojificha katika panya wa friza

NYOKA mfupi, mnene, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na kahawia amekuwa mgeni wa kudumu katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani. Huishi ndani ya sanduku la kioo lililotiwa joto, akijifukia mchangani mchana kutwa na kutokeza macho tu. Wauzaji wa nyoka wa kufugwa humwita boa wa mchanga wa Kenya.

Jina hilo lina msingi. Nyoka huyo, ambaye kisayansi huitwa Eryx colubrinus, asili yake ni maeneo makavu yanayoanzia Misri hadi kaskazini mwa Tanzania, na hapa Kenya hupatikana katika nyanda kame za kaskazini na mashariki. Wengi wanaouzwa ughaibuni siku hizi wamezaliwa huko huko, vizazi kadhaa mbali na mchanga wa kwao. Mwenyeji wa Garissa au Turkana akikutana naye, aghalabu jiwe hutangulia maswali.

Ugenini anapendwa kwa sababu hana sumu, ni mpole, hazidi urefu wa mita moja na hali kila siku. Nyoka mchanga hulishwa mara moja kila siku tano hadi saba, na aliyekomaa huweza kukaa majuma mawili kati ya mlo na mlo. Chakula chake ni panya. Na ni katika chakula hicho, wala si katika meno ya nyoka, ambamo mamia ya watu wameokota ugonjwa katika kipindi cha chini ya miaka 20.

Panya hao hununuliwa wakiwa wamekufa na kugandishwa. Hufugwa kwa maelfu katika mabanda maalumu, wakauawa kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, wakapangwa kwa ukubwa, wakatiwa katika mifuko na kuwekwa katika friza. Wadogo kabisa, ambao wana siku chache tu tangu kuzaliwa na hawajaota manyoya, wana uzani wa gramu moja hadi tatu. Panya mzima hufika gramu 20 hadi 30. Mfugaji huchagua kwa kutazama unene wa nyoka wake: panya asizidi sana upana wa sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka, la sivyo atatapikwa.

Wapo wanaouliza kwa nini nyoka asipewe panya hai kama afanyavyo porini. Jibu ni kwamba porini panya ana pa kukimbilia. Akifungiwa katika sanduku moja na nyoka asiye na njaa, hujitetea kwa meno, na madaktari wa mifugo wamewatibu nyoka waliotafunwa macho na ngozi ya mgongo na panya aliyeachwa nao usiku kucha. Panya wa kutegwa ghalani naye ana balaa zake. Huenda amebeba minyoo, au amekula sumu ya panya ya aina ile inayozuia damu kuganda, na sumu hiyo hupita kutoka kwa aliyeila hadi kwa amlaye.

Kwa hiyo panya wa friza ni chaguo la busara. Tatizo ni kwamba friza imewajengea watu imani isiyo na msingi.

Mnamo Agosti 2008, maafisa wa afya nchini Uingereza walianza kuona ongezeko la wagonjwa walioambukizwa aina moja ya bakteria wa salmonela ambao hawakuwa wa kawaida nchini humo. Walipowahoji wagonjwa kuhusu walichokula, hawakupata chakula kinachowaunganisha. Walichokigundua ni kwamba nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa na nyoka au mtambaazi mwingine, na kwamba watambaazi hao walilishwa panya waliogandishwa. Panya wenyewe walikuwa wameagizwa kutoka Marekani. Sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto.

Miaka miwili baadaye, moto ule ule ukawaka huko walikotoka panya hao. Mnamo 2010, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitangaza kuwa watu 34 katika majimbo 17 walikuwa wameambukizwa salmonela zilizohusishwa na panya wa friza, na kampuni iliyowauza ikalazimika kuwaita warudishwe. Mnamo 2014 kukazuka tukio jingine nchini humo, safari hii panya wakiwa wameuzwa katika maduka ya kawaida ya wanyama wa kufugwa.

Uingereza nayo haikupona. Kuanzia 2015 ulianza mlipuko mwingine uliodumu miaka kadhaa na kuwaugua watu zaidi ya 800. Uchunguzi wa jeni za bakteria ulielekeza kidole kwa panya walioagizwa kutoka Lithuania. Serikali ilisimamisha uagizaji huo mwaka wa 2021, na ilipouruhusu tena mnamo Februari 2022 iliweka sharti kwamba panya wote kutoka huko wapigwe kwanza mionzi ya kuua viini. Mionzi hiyo humpitia panya akiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa na haimwachi na mnururisho wowote, kama vile mtu aliyepigwa picha ya eksirei asivyoondoka hospitalini aking'aa.

Matukio yote haya yana chanzo kimoja. Panya hubeba salmonela katika utumbo bila kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Anapogandishwa, bakteria hao huacha kuzaana, lakini wengi hawafi. Hulala. Huweza kukaa hivyo kwa miezi mingi katika nyuzi 18 chini ya sufuri, na panya anapoyeyushwa mezani nao huamka na kuendelea na kazi pale walipoachia. Ni moto mkali unaowaua, na panya wa nyoka hapikwi.

Salmonela wanaozungumziwa hapa si wale wa homa ya matumbo, ingawa ni wa ukoo mmoja. Kwa kawaida huleta kuhara, homa na msokoto wa tumbo kuanzia saa sita hadi siku sita baada ya kuambukizwa, na mtu mzima mwenye afya hupona bila dawa baada ya siku nne hadi saba. Mambo huwa mengine kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee aliyepita miaka 65, mama mjamzito na yeyote ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika. Kwao bakteria huweza kuvuka utumbo na kuingia katika damu. Madaktari wa Afrika wanalifahamu jambo hilo vizuri, kwani salmonela wa ukoo huu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi ya damu kwa watoto wenye malaria kali au utapiamlo kusini mwa Sahara.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kumchukulia panya wa friza kama nyama mbichi, tena nyama mbichi ambayo haikukaguliwa kwa ajili ya kuliwa na binadamu. Aliyelifahamu hilo hahitaji kukumbushwa mengi.

Ununuzi ndio mwanzo. Mfuko uwe umefungwa vyema, una jina la aliyewazalisha panya, namba ya shehena na tarehe. Namba hiyo ndiyo humwezesha mnunuzi kujua kama panya wake ni miongoni mwa wanaoitwa warudishwe. Panya walioshikamana wote kama tofali, wakiwa na barafu nyingi iliyoganda chini ya mfuko, aghalabu waliyeyuka njiani na kugandishwa upya. Hao warudishwe. Wanaoagiza kwa posta hutumiwa katika sanduku la povu zito lenye barafu kavu, na likifunguliwa panya wanapaswa kuwa wagumu kama jiwe. Inafaa pia kumuuliza muuzaji kama panya wamepigwa mionzi. Wakiwa wamepigwa ni afadhali, ila jibu hilo halimwondolei mtu wajibu wa kunawa mikono, kwa kuwa nyoka mwenyewe hubeba salmonela katika kinyesi chake hata akiwa mzima kabisa.

Katika uhifadhi ndipo familia nyingi hukosea, na si vigumu kuona ni kwa nini. Nyumba ya kupanga mjini London ina friza moja, nayo iko jikoni. Mama mwenye nyumba ana samaki wake na mbaazi zake humo, na kijana anakuja na mfuko wa panya 50 kwa kuwa ukinunua wengi bei hushuka. CDC inashauri wazi kuwa panya wasiwekwe katika friji au friza yenye chakula cha watu. Friza ndogo ya pekee, hata ya mitumba, ndiyo suluhisho. Asiyeweza kabisa kuipata, angalau atie mfuko wa panya ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko kinachoshika, akiandike kwa herufi kubwa, na akiweke chini ya vyakula vyote ili kitu kisidondoke. Hiyo ni nusu ya kinga tu, na haifai kamwe katika nyumba yenye mtoto mchanga.

Joto la friza liwe nyuzi 18 chini ya sufuri au chini zaidi, na hewa itolewe mfukoni. Hewa ikibaki humkausha panya, akawa na madoa meupe na nyama ngumu ambayo nyoka huikataa. Wafugaji wengi huwatumia panya wao ndani ya miezi sita hadi mwaka mmoja, maana vitamini hupungua kadiri muda unavyosonga. Stima ikipotea, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Panya aliyelainika hadi ndani akakaa katika joto la chumba kwa saa kadhaa hutupwa, harudishwi kwenye friza.

Kuyeyusha nako kuna adabu yake. Panya hutolewa akiwa katika mfuko uliofungwa, akawekwa katika chombo kilichotengwa kwa kazi hiyo, akaachwa ayeyuke taratibu, ikiwezekana katika friji isiyo na chakula cha watu. Kisha mfuko hutiwa katika maji ya moto yasiyochemka hadi panya apate joto la mwili, karibu nyuzi 38, kwa sababu nyoka huwinda kwa kufuata joto na harufu. Beseni hilo lisiwe lile la kuoshea vyombo, na kazi isifanyiwe jikoni. Maikrowevu ni mwiko mara mbili: huchafua chombo ambacho familia hupashia chakula, na humwivisha panya upande mmoja huku tumbo likipasuka na kumwaga utumbo, ambamo ndimo salmonela walimo. Panya aliye baridi katikati naye humdhuru nyoka, maana nyoka hana joto lake mwenyewe la kumalizia kazi hiyo, na chakula humwozea tumboni kabla ya kusagika.

Anayelisha hutumia koleo ndefu, si vidole. Nyoka hakosei kwa makusudi, ila mkono wenye harufu ya panya kwake ni panya. Baada ya hapo mikono hunawiwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, na mahali palipotumika pakaoshwa kwa sabuni kwanza, kisha kwa Jik iliyochanganywa na maji. Panya aliyekataliwa hutiwa katika mifuko miwili na kutupwa siku hiyo hiyo. Nyoka hafai kushikwashikwa kwa siku mbili baada ya kula, na kumbusu, kama wafanyavyo baadhi ya vijana mbele ya kamera, ni kujitafutia ugonjwa wakati wowote.

Watoto wa chini ya miaka mitano hawapaswi kugusa panya, nyoka wala maji ya kuoshea sanduku lake. Marufuku hiyo pekee haitoshi, kwa sababu mtoto huambukizwa pia na mikono ya mkubwa aliyetoka kumlisha nyoka akaenda moja kwa moja kumtengenezea chupa ya maziwa.

Hapa nchini maswali haya huwahusu wachache. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, nyoka ni mnyamapori, na hakuna aruhusiwaye kumweka nyumbani bila kibali kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Boa wa mchanga pia yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivi kwamba Mkenya anayerudi kutoka Birmingham hawezi kumtia nyoka wake katika sanduku na kupanda naye ndege, hata akidai anamrudisha kwao.

Kwa walio ughaibuni, kuna jambo moja ambalo husahaulika mara kwa mara. Mtoto akiharisha kwa siku kadhaa, akiwa na homa au kinyesi chenye damu, anafaa kupelekwa kwa daktari, na daktari aambiwe bila kuulizwa kwamba nyumbani kuna nyoka na kwamba hulishwa panya wa friza. Mfuko wa panya nao usitupwe mara moja. Ufungwe, uwekwe kando na namba ya shehena inakiliwe, kwani kwa namba hiyo wachunguzi huweza kujua walikouziwa watu wengine panya wa shehena ile ile.