Mwingereza wa Shinkolobwe na Wenye Kilima

Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1881, ndiye anayetajwa vitabuni kuwa mvumbuzi wa Shinkolobwe, kilima cha Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1915, akiwa katika kazi ya kutafuta madini, alifika kwenye kilima hicho, kilomita 20 hivi kutoka Likasi, akaona mawe ya rangi kali akayatambua kuwa yana urani. Aina mojawapo ya madini ya hapo ikapewa jina lake, sharpaiti. Mwenyewe aliandika kumbukumbu zake za Katanga ya zamani, zikachapwa Bulawayo mwaka 1956. Kuufuata ukoo wa mtu wa aina hii si kazi ngumu, kwa kuwa kwao kila kitu huandikwa: ubatizo, ndoa, wasia, barua za nyumbani, na jina la baba linalopita kwa watoto na wajukuu.

Wenzake nao ni hivyo hivyo. Robert Williams, Mskoti, alianzisha kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899. George Grey, aliyeongoza misafara ya kampuni hiyo hadi Kambove, alikuwa ndugu wa Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na tunajua hata alivyokufa: alijeruhiwa na simba nchini Kenya mwaka 1911. Lakini wapagazi waliowabebea mizigo, na wenyeji waliowaonyesha njia, ni nadra kukuta jina la hata mmoja.

Hapo ndipo habari ya Sharp inaponikera. Wazungu hao hawakuikuta Katanga ikiwa pori tupu. Huko Kambove na Likasi walikuta mashimo ya kale ya shaba, na mengi kati ya hayo walionyeshwa na watu waliokuwa wakiyajua tangu enzi za babu zao. Watu hao ni Basanga, wenye nchi. Mfalme Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi akajenga Bunkeya, aliwatawala kwa mkono mzito mpaka walipomwasi mwaka 1891, mwaka uleule alipouawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji.

Kwa Basanga kazi ya shaba ilikuwa na msimu wake. Ilianza mtama ukishavunwa, kiangazi kinapoingia, na chifu ndiye aliyeitangaza. Wenyewe waliiita kula shaba. Kijiji kizima kilihamia mlimani. Wanaume walichimba kwa sururu za chuma, wakishuka kwenye mashimo membamba. Akina mama na watoto waliokota mawe ya kijani, wakayabeba mpaka mtoni kuyaosha na kuyachambua. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana huo hustahimili moto. Makaa yalichomwa porini kutoka miti migumu, na mivuo ilikuwa ya ngozi ya swala. Mafundi walikuwa na chama chao chenye dawa na miiko, na hakuna aliyewasha moto kabla ya kuwaomba wazee waliokufa. Shaba ikishayeyuka ilimiminwa katika kalibu ikawa misalaba, ile iliyotumika kwa biashara na mahari, na ambayo mwaka 1960 ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo. Mmisionari Mbenediktini Jean-François de Hemptinne aliyaandika hayo mwaka 1926, wakati tanuru za wenyeji zilikuwa zimeshazimwa na wazee wachache tu ndio waliokumbuka kazi.

Ukoo nao Basanga huhesabu kwa upande wa mama, kama jirani zao Bakaonde na Balamba. Mtoto ni wa kwa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa kuliko baba katika mambo mengi. Mrithi wa cheo hupokea na jina: chifu Mpande wa leo ni Mpande yuleyule wa jana, na anaposimulia mambo ya babu zake husema "mimi". Mtafiti aliyezoea kufuata jina la baba katika vyeti atapotea mapema hapa, akidhani watu hawa hawana kumbukumbu.

Kisha kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikaleta maisha mengine. Kuanzia miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi waoe na wakae kambini na jamaa zao. Ikatoa nyumba, posho, zahanati na shule, hadi watu wa Katanga wakasema kampuni "njo baba, njo mama", yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Mjomba akapungukiwa nguvu, karani wa kambi akaongezewa. Mgodi wake wa Shinkolobwe ulitoa kwanza radiamu kwa ajili ya hospitali za dunia, ukafungwa mwaka 1937, ukafunguliwa tena wakati wa Vita Kuu ya Pili, na urani yake ikaingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji hawakuambiwa mawe yanakwenda wapi.

Mwaka 1960 mashimo yalizibwa kwa zege. Miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, kikazuka kijiji kikubwa. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji Januari 2004. Julai shimo likaporomoka na kuua watu wanane. Mwezi uliofuata nyumba zikabomolewa, na watu wakatawanyika.

Hivyo anayetaka kumwandika Sharp upya, pamoja na kufungua nyaraka za Uingereza, akae na bibi na wajomba wa Likasi na Kambove. Awaulize ukoo gani ulikishika kilima kabla ya 1915, nani aliomba ruhusa kwa wazee kabla ya kuchimba, akina mama walioosha mawe mtoni walikuwa wa kwa nani, na makaburi yao yako upande gani wa mgodi.