Jasho Lisilokauka

Mkimbiaji wa Dar es Salaam anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 60 wakati wa kusi hushtuka kaskazi inapoingia. Njia ni ileile, Barabara ya Toure hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, viatu ni vilevile, na mazoezi hajaacha. Ila sasa saa inasoma dakika 66, moyo unamwenda mbio, na fulana imelowa chepechepe kana kwamba ametoka kuogelea. Wengine huenda kupima malaria. Wengine huamua kuwa umri umewatupa mkono, au huingia dukani kununua viatu vya bei kali. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wakimbiaji ndio wagonjwa wangu wa kila siku, na kila kaskazi nawaeleza jambo moja: miili yao haina hitilafu. Jasho lao halikauki, na karibu kila kero ya mkimbiaji wa pwani, kuanzia pumzi hadi malengelenge ya miguu, huanzia hapo.

Tufanye hesabu kidogo. Kukimbia hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 anatumia kilokalori kama 700, na zipatazo 550 kati ya hizo zinageuka joto tupu. Joto hilo lingebaki lote mwilini lingempandisha kwa zaidi ya nyuzi 9, na asingefika nusu ya njia akiwa amesimama. Kinachomwokoa ni jasho: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Kwa hiyo lita moja tu ingetosha safari nzima, kwa sharti kwamba imekauka yote. Jasho linalodondoka barabarani halijapoza chochote. Ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Watu hushauriwa wakimbie alfajiri, na ushauri ni mzuri kwa sababu ya jua. Lakini alfajiri ya Februari, Dar huwa na nyuzi 25 au 26, na unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 85. Hewa iliyoshiba mvuke kiasi hicho haina nafasi ya kupokea jasho lako. Upepo ndio msaada pekee wa bure, nao una masharti yake: ukiwa mgongoni mwako na unakwenda kasi kama yako, hewa inayokuzunguka ni kama imesimama. Basi anza safari upepo ukiwa nyuma, wakati mwili bado haujapata moto, urudi ukiukabili.

Mwili ukishindwa kujipoza hupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi. Damu hiyo inamegwa kwenye fungu la misuli, na kadiri jasho linavyotoka ndivyo majimaji ya damu yanavyopungua. Moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Siku 10 hadi 14 za kukimbia kwenye joto hubadilisha mambo: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, na chumvi inayotoka nalo hupungua. Aliyehamia pwani kutoka Mbeya au Nairobi asijipime kwa saa kabla ya wiki mbili kupita.

Na hata baada ya hapo, joto halimheshimu mtu. Alphonce Simbu alikuwa amekimbia marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 38 kule Valencia mwaka 2024. Septemba 15, 2025, katika joto na unyevu wa Tokyo, alishinda dhahabu ya dunia, ya kwanza kwa Mtanzania, kwa saa 2:09:48. Ni dakika tano zaidi. Mashindano ya dunia hayana waongoza kasi, kwa hiyo si dakika zote tano ni za joto. Bado nawaomba wanaojilaumu kwa dakika sita za Toure waitazame tofauti hiyo. Miezi ya kaskazi pima mwendo kwa pumzi: uweze kusema sentensi nzima bila kuikatiza katikati. Ukishindwa, punguza, saa iseme inachotaka.

Sasa maji. Hapa naomba msomaji asiruke. Jipime uzito bila nguo kabla ya kukimbia, kimbia saa moja, jifute, ujipime tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho, na ulichokunywa njiani ukijumlishe. Pwani si ajabu kukuta lita moja na nusu. Huna haja ya kuirudisha yote ukiwa barabarani. Kupungua hadi asilimia 2 ya uzito ni jambo la kawaida, na kiu, ikisikilizwa, inatosha kuwa mwongozo kwa wengi wetu.

Mizani ikionyesha umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hiyo ni hatari ya kweli. Watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Marathoni ya Boston mwaka 2002, na asilimia 13 walikutwa sodiamu yao imeshuka chini ya kawaida. Waliopatikana na tatizo hilo zaidi ni waliotumia zaidi ya saa nne na waliokunywa hadi uzito ukapanda. Hao si washindani wa mbele. Ni watu wa kawaida wanaosimama kila meza ya maji huku wakihimizwa wanywe tu, wanywe tena. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete inabana, kisha kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea maji matupu unamdhuru, naye huyo ni wa kupelekwa hospitali.

Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, pakiti ya ORS ya duka la dawa inafaa sana, mradi ichanganywe na lita moja kamili ya maji kama ilivyoandikwa. Haina chupa ya rangi wala tangazo la televisheni, lakini chumvi yake ni nyingi kuliko ya vinywaji vingi vya michezo. Madafu ni matamu na yana potasiamu tele. Kinachotoka zaidi na jasho, hata hivyo, ni sodiamu, kwa hiyo yasiwe tegemeo lako peke yake. Na tafadhali, acha kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili "kuzuia maumivu". Figo zinazopambana na upungufu wa maji hazihitaji mzigo huo, na dawa hizo huzuia mwili kutoa maji yaliyozidi. Wakati wa Ramadhani, wengi wa vikundi vya jogingi hukimbia muda mfupi kabla ya magharibi ili futari iwapokee. Mpango huo haudhuru mtu mwenye afya ikiwa mwendo ni wa pole na njia ni fupi. Mazoezi makali yasogezwe baada ya tarawehe.

Mwenzako akianza kupepesuka, kujibu ovyo au kugomba bila sababu, usisubiri aache kutoka jasho ndipo uamini kuwa joto limemzidi. Mkimbiaji anaweza kupita nyuzi 40 huku jasho bado linamtiririka. Mlaze kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji ya baridi mwili mzima, na kama kuna muuza juisi karibu chukua barafu yake umwekee shingoni na kwapani, huku ukimpepea bila kuacha. Hayo yafanyike palepale alipoanguka, gari likiwa linatafutwa.

Jasho lisilokauka linaharibu ngozi pia. Ngozi iliyolowa hulainika, na ikilainika haihimili msuguano. Ndiyo maana mapaja huchubuka, kwapa huwaka, chuchu za wanaume hutoa damu, na ukanda wa chini wa sidiria huacha mstari wa kidonda. Kopo la mafuta ya mgando, likipakwa kabla ya kutoka, linamaliza sehemu kubwa ya mateso hayo. Fulana za pamba, zikiwemo zile za kampeni zilizojaa makabatini mwetu, hunywa jasho na kukaa nalo. Jezi nyepesi ya mpira, ya polista, ni bora kwa mbali. Anayekimbia na hijabu achague kitambaa chepesi cha aina hiyohiyo, tabaka moja. Kwa mwanamke, sidiria ya michezo inayoshika vizuri inunuliwe kabla ya saa, kabla ya miwani, na kama fedha ni chache, hata kabla ya viatu vipya. Soksi nazo zisiwe za pamba: malengelenge mengi ninayoyaona yametokana na soksi za shule ndani ya viatu vya laki tatu.

Viatu vyenyewe wengi wetu tunavipata mitumbani, na sioni aibu yoyote katika hilo. Soko la Karume unaweza kuokota kiatu kizuri kwa bei ndogo sana, ukijua pa kutazama. Usianze na soli ya chini, kwa sababu muuzaji ameshaisugua kwa brashi na sabuni. Tazama ubavuni, kwenye povu lililo kati ya soli na kitambaa. Mikunjo mingi myembamba iliyolala pale chini ya kisigino inaonyesha povu limeshachoka. Libonyeze kwa dole gumba: lililo hai hubonyea na kurudi, lililokufa ni gumu. Viweke viwili juu ya meza, uvitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza amekiachia mwendo wake, nawe utalipa kwa goti. Kunja kisigino kwa mkono uone kama bado kina uti. Mwisho fungua ulimi usome lebo: kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kiatu cha miaka minane kinaweza kung'aa na bado gundi ikaachia kilomita ya tatu, kwani povu na gundi huzeeka hata vikikaa kabatini.

Kiatu kipya hudumu kati ya kilomita 500 na 800 hivi. Katika kilomita 21 miguu hugonga ardhi mara 20,000 au zaidi, kila pigo likibeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako, kwa hiyo povu lina kazi. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Wanaonijia na kucha nyeusi karibu wote walinunua asubuhi, tena saizi ya viatu vyao vya ofisini. Vikilowa, toa soli ya ndani, vijaze magazeti, uvianike kivulini. Jua kali linaharibu povu. Ukiweza kuwa na jozi mbili za kupokezana, hata zote za mtumba, ni afadhali kuliko jozi moja ya gharama isiyopata kukauka. Viatu vyenye sahani ya kaboni waachie wanaowania zawadi.

Barabarani kimbia upande wa kulia ili magari yaje yakikutazama, bila spika za masikio, na alfajiri vaa kizibao cha riflekta kama cha bodaboda. Bodaboda wenyewe huja kutoka pande zote, kwa hiyo geuza shingo.

Wengi wa wasomaji wangu wanajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mkimbiaji wa pwani akifika huko anakutana na kinyume cha alichokizoea. Asubuhi ni baridi, hewa ina nafasi, na jasho linakauka. Anajiona mwepesi, anatoka kwa kasi, na kwa kuwa fulana yake haijalowa anadhani hapotezi maji, hadi ajipanguse usoni akute chembe za chumvi. Kisha njia ya kilomita 21 inapanda kuelekea Mweka, na jua linatoka.

Mlima wa kupanda humchosha mtu, lakini wa kushuka ndio unaomlemaza. Katika kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku imejikaza, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu hufika kilele siku moja hadi tatu baadaye, ndiyo sababu watu hushuka ngazi za basi kinyumenyume wakirudi Dar. Habari njema ni kwamba misuli iliyoshuka mlima mara moja hupata kinga ya wiki kadhaa. Dar ni tambarare na ngazi za madaraja ya waenda kwa miguu hazitoshi, hivyo wiki tatu kabla ya mbio, kisha wiki mbili kabla, nenda kwenye vilima vya Pugu. Panda kwa kutembea ukitaka. Kushuka, kimbia kwa hatua fupi na za haraka, magoti yakiwa yamelegea, mara nne au tano, kisha wiki ya mwisho usiiguse miteremko kabisa.