Utunzaji wa Seredani na Nyavu za Kuchomea

Wananchi wanaotumia seredani kuchomea mishkaki, samaki au pweza, iwe majumbani au katika biashara za jioni, wanakumbushwa kuwa chombo hicho huharibika zaidi kinapokaa bure kuliko kinapokuwa motoni. Sababu yake ni majivu. Majivu ya mkaa yana chumvichumvi za namna ya magadi, nazo huvuta unyevu. Yakilala humo usiku kucha, katika hewa yetu ya bahari, hula chuma kuanzia chini. Ndiyo maana kitako hutoboka hali ubavu ungali mzima.

Majivu yatolewe kila baada ya kazi, yakishapoa kabisa. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kuhifadhi moto kwa saa nyingi, ingawa kwa macho laonekana limezimika. Yatiwe katika debe la bati lenye kifuniko, si katika ndoo ya plastiki wala jaa lenye makaratasi. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe, ambako sakafu nyingi zimebebwa na boriti, hilo si jambo dogo.

Wavu husafishwa ungali na joto, kwani mafuta ya nyama yakigandamana hadi kesho yake huwa kama lami, na moshi wake mchungu huingia katika chakula. Kumbi la nazi lililoroweshwa, likashikwa kwa koleo, latosha. Brashi za waya hazipendekezwi: vijiwaya hukatika vikanasa wavuni, na mwaka 2012 taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilitoa taarifa ya wagonjwa 6 wa hospitali moja waliodhurika kwa kuvimeza. Ukishapoa, wavu upakwe mafuta ya kupikia kidogo na utundikwe pakavu.

Lililo zito zaidi ni asili ya wavu wenyewe. Wako wanaokata wavu wa banda la kuku. Waya huo kwa kawaida hupakwa zinki ili usishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, na mkaa unaopepewa hupita hapo kwa mbali. Mvuke wake huleta homa, baridi na kubanwa kifua kwa anayeuvuta, naye mara nyingi hudhani ni malaria. Wavu wa namna hiyo usitumike kabisa, hata ukisuguliwa. Fundi wa vyuma aombwe kutengeneza wa nondo nyembamba zisizopakwa kitu.

Seredani iliyotoboka irejeshwe kwa fundi kabla ya kuwashwa tena.