Sampuli za Virusi na Mgawanyo wa Chanjo

Nchi inapopatwa na mlipuko wa ugonjwa, hutarajiwa kupeleka sampuli za vimelea kwenye maabara za nje zichunguzwe. Kwa upande wa mafua, kazi hiyo hufanywa na mtandao wa maabara ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1952. Virusi vya mafua hugeuka kila mara. Pasipo sampuli mpya, haijulikani kama chanjo iliyopo bado inafaa, na virusi vya kutengenezea nyingine havipatikani.

Kwa zaidi ya miaka 50 sampuli hizo zilitolewa bure. Kasoro ya utaratibu huo ilijitokeza wazi nchini Indonesia, ambako mafua ya ndege ya aina ya H5N1 yalikuwa yakiua watu tangu 2005. Kampuni moja ya Australia ilitengeneza chanjo ya majaribio kutokana na virusi vya Indonesia, ilhali Indonesia yenyewe haikuwa na uhakika wa kuipata kwa bei inayoimudu. Mapema 2007 waziri wake wa afya, Siti Fadilah Supari, alisimamisha upelekaji wa sampuli. Serikali yake iliegemea Mkataba wa Bayoanuai wa 1992, unaoipa kila nchi mamlaka juu ya rasilimali zake za kibiolojia. Waliompinga walisema virusi ni hatari kwa wote, na kuvizuia ni kuifumba macho dunia nzima.

Mvutano huo ulizaa Mfumo wa Maandalizi ya Janga la Mafua, maarufu kama PIP, uliopitishwa Mei 2011. Chini yake, nchi hutoa sampuli bila kuchelewa, na watengenezaji wanaoutumia mtandao wa WHO huchangia kila mwaka fedha za kuimarisha maabara na ufuatiliaji wa magonjwa. Lengo la mchango huo liliwekwa dola milioni 28. Pia mtengenezaji wa chanjo anayepokea virusi hutia saini mkataba na WHO, akiahidi kwa mfano kutoa bure angalau asilimia 10 ya chanjo zake wakati wa janga, au kuziuza kwa bei nafuu. Ahadi hiyo huwekwa kabla ya janga, kwa kuwa likishaanza kila serikali hujitanguliza.

Mfumo huo una mianya miwili. Kwanza, unahusu tu mafua yanayoweza kuwa janga. Ebola na korona hazimo. Pili, ulijengwa juu ya sampuli zinazosafirishwa kwenye vichupa. Januari 2020, mara mfuatano wa jeni wa virusi vya korona ulipochapishwa kutoka China, ubunifu wa chanjo za mRNA ulianza bila kusubiri kichupa chochote. Anayepakua taarifa mtandaoni hana mkataba aliotia saini.

Mkataba wa Majanga uliopitishwa na Baraza la Afya Duniani tarehe 20 Mei 2025 ulikusudia kuiziba mianya hiyo. Unaviweka vimelea na taarifa za jeni zake pamoja, na unalenga watengenezaji watakaojiunga waipatie WHO asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wanavyozalisha wakati wa dharura ya janga: angalau asilimia 10 bure, iliyobaki kwa bei nafuu. Masharti ya utekelezaji yaliachiwa kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na mkataba haukuruhusiwa kufunguliwa kwa kutiwa saini kabla kiambatisho hicho hakijapitishwa.