MBWA ANAHARA: MACHO HAYATOSHI, TUULIZE LABORATWARI



Hapa Rurambo mbwa ni mulinzi wa ng'ombe na mbuzi. Lakini akianza kuhara na kukonda, kila mutu anakuwa munganga. Mumoja anasema: "Amekula sumu." Mwingine: "Wamemuloga." Wa tatu analeta vidonge vilivyobaki nyumbani. Sisi pia tulifanya vile. Mbwa mudogo wa jirani alikuwa anatapika na kuhara damu, tukamupa dawa ya minyoo, na siku ya tatu akakufa. Kiisha tukajiuliza: kumbe ugonjwa wake ulikuwa gani?

Munajua, kuhara ni sura moja, lakini magonjwa yenye sura ile ni mengi. Kila moja linaacha alama yake, na laboratwari inazitafuta.

1. Alama katika mavi. Minyoo ya safura inanyonya damu ndani ya utumbo na kutaga mayai. Mavi kidogo yanakorogwa katika maji yenye chumvi nyingi, yanachujwa, mayai yanaelea juu, na mikroskopi inayaonyesha. Tuangalie: watoto wa minyoo hii wanaweza kupenya ngozi ya mutu anayetembea bila viatu.

Kuna pia virusi vya parvo, vilivyojulikana kwa mbwa tangu 1978. Vinaua sana mbwa wadogo, kwa kutapika na kuhara damu. Kuna kipimo cha mavi kinachoonyesha alama ya virusi kwa dakika chache tu. Dawa ya minyoo haiwezi kitu juu ya virusi; chanjo ndiyo inakinga. Pengine ile mbwa ya jirani ilikuwa na ugonjwa huu. Hatukupima, basi hatutajua.

2. Alama katika damu. Mbwa mwingine anakula sana lakini anazidi kukonda, na mavi yake ni mengi yenye mafuta. Hapo tufikiri juu ya kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kusaga chakula. Kongosho ikiwa nzima, sehemu ndogo ya vitu vyake inaingia katika damu. Kipimo kinachoitwa TLI kinaihesabu, mbwa akiwa hajakula kwanza. Ikiwa chini ya mikrogramu 2.5 kwa litre moja, kongosho imeshindwa kazi. Mbwa huyu hahitaji dawa ya minyoo. Anahitaji unga wa enzime katika kila chakula.

Waganga wanapima pia vitamini. Folate inaingia damuni mwanzoni mwa utumbo mwembamba, B12 mwishoni. Ile inayopungua inaonyesha upande wa kutafuta. Lakini B12 inapungua pia kongosho ikiugua. Kwa hiyo alama moja peke yake haitoshi.

3. Mbwa anayeonekana muzima. Huko Turkana, kaskazini ya Kenya, mbwa wengi walikuwa na tegu mudogo sana, Echinococcus, wa milimetre chache tu. Mbwa haumwi, lakini mutu akimeza mayai yake, vifuko vya maji vinakua katika ini au mapafu. Mwaka 1983 AMREF ilianza kazi ya kuupiga vita ugonjwa huo kule. Zamani mbwa walipewa dawa ya kuharisha ili tegu aonekane. Siku hizi kuna kipimo kinachotafuta alama zake ndani ya mavi.

Basi tufanye nini? Tusitoe dawa kwa kubahatisha. Tuchukue mavi mapya kwa kijiti, tuyaweke katika chupa safi yenye kifuniko, tuandike siku, umri wa mbwa na alichokula, tuyapeleke kwa munganga wa wanyama. Kiisha tunawe mikono kwa sabuni. Na tusiwatupie mbwa maini au mapafu yenye vifuko.

Someni Mithali 12:10. Mbwa hawezi kusema anaumwa wapi. Ni kazi yetu kutafuta.